Mwalimu anayetaka kuwa mwakilishi wadi: aanzie wapi, afanye nini

Kabla hujamwambia mtu yeyote kwamba unataka kugombea wadi, tafuta Katiba ya Kenya ya 2010 usome Jedwali la Nne, sehemu ya pili. Hapo ndipo zilipoorodheshwa kazi za serikali ya kaunti: zahanati na hospitali, kilimo na mifugo, barabara za kaunti, masoko, maji, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na sekondari hazimo. Naanza na hilo kwa sababu walimu wenzangu wanaokuja kwangu kutaka ushauri, karibu wote huja na nia ya kuziokoa shule walizofundisha: madarasa yanayovuja, madawati, upungufu wa walimu. Mwakilishi wadi hana mkono huko. Darasa la shule ya msingi hujengwa kwa fedha za NG-CDF, mfuko wa serikali kuu wa maendeleo unaogawiwa kwa eneobunge, na mwalimu huajiriwa na TSC, tume ya kuajiri walimu. Ukiahidi walimu kwenye kampeni utakuwa umeahidi mali ya mwenzio, na utadaiwa miaka mitano.

Mimi nilifundisha shule za msingi bara ya Kilifi tangu nilipotoka chuo cha Shanzu na cheti changu cha ualimu wa msingi, P1, hadi nilipostaafu mapema mwaka 2012. Machi 2013 watu wa wadi yetu walinichagua kuingia bunge la kwanza la kaunti, wakanirudisha 2017. Mwaka 2022 sikugombea. Ninayoyaandika hapa ni ya kazi niliyoifanya kwa mikono yangu.

Mwalimu ana nafasi kubwa katika kazi hii. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, inamtaka mwakilishi wadi awe karibu na wapiga kura, apeleke maoni yao bungeni, ahudhurie vikao, na atumie ujuzi wa taaluma yake katika mijadala. Kifungu hichohicho kinamkataza kujiingiza katika utendaji wa serikali ya kaunti. Kwa hiyo kandarasi si yako, na kuajiri si kwako. Kazi yako ni kutunga sheria, kupitisha bajeti, kisha kuwafuata waliopewa fedha hizo mpaka waonyeshe zilikokwenda. Mtu aliyezoea kuandaa somo usiku, kuita rejista asubuhi na kusahihisha rundo la vitabu kabla hajalala, ndiye mtu ambaye bunge la kaunti linamhitaji. Wenye sauti kubwa wapo wa kutosha.

Anza ukiwa bado una chaki mkononi

Usitokee kwenye siasa siku ya kuchukua fomu. Watu wa kwetu wanamjua Ronald Ngala kama kiongozi wa chama cha KADU na mtetezi wa majimbo, yaani serikali za mikoa, lakini alianza kama mwalimu, na kabla ya uchaguzi wa 1957 uliompeleka Baraza la Kutunga Sheria alikuwa amekaa katika baraza la ushauri la Waafrika Mombasa na katika bodi ya manispaa. Alijifunza kwanza jinsi mji unavyoendeshwa: maji, taka, nyumba, ada za soko. Majimbo yalipokuja mwaka 1963 na akawa rais wa jimbo la Pwani, hakuwa mgeni wa kazi.

Leo ngazi hizo zipo kwa majina mengine. Ingia kamati ya maji ya kijiji. Kubali kuwa katibu wa kamati ya zahanati, hata kama hakuna posho. Hudhuria baraza la chifu bila kungoja kualikwa. Kaunti inapoitisha mkutano wa maoni ya wananchi kuhusu bajeti, na Katiba inalazimisha mikutano hiyo iwepo, nenda na daftari, andika waliosema nini na waliojibiwa nini. Mwalimu huombwa kuandika kumbukumbu za kila mkutano kwa sababu ana mwandiko. Usilione jambo hilo dogo. Mimi niliijua wadi yetu kwa kuandika kumbukumbu: nilijua kijiji kipi kiligombana na kipi kuhusu bwawa, nilijua mzee gani akinyamaza jambo haliendi.

Na hanga, yaani matanga, usikose. Kwetu Giriama, asiyekuja kukaa hangani hawezi kuniambia kwamba ananipenda. Lakini nenda kama mtu wa msiba, ukae chini na watu, usiombe kipaza sauti. Watu wataona wenyewe.

Barua, pensheni na mkopo

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo familia za walimu zinapoumia.

Sheria ya Uchaguzi inamtaka mtumishi wa umma anayegombea ajiuzulu angalau miezi sita kabla ya siku ya kura. Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027, kwa hiyo barua yako iwe imepokelewa kabla ya Februari 10, 2027. Usingoje wiki ya mwisho. Ipitishe kwa mwalimu mkuu na ofisi ya TSC ya kaunti, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe. Nakala hiyo iweke pamoja na kitambulisho chako, maana mpinzani wako anaweza kuitaka mahakamani.

Ukiwa umefikisha miaka 50, usijiuzulu kabla ya kuulizia kustaafu mapema. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa katika malipo ya uzeeni, na mimi nilingoja mpaka umri huo ndipo nikaandika. Walio chini ya hapo, hasa walimu vijana waliomo katika mfuko wa kuchangia ulioanza Januari 2021, wakae na afisa wa pensheni waonyeshwe hesabu kwa maandishi: kilicho changu ni kiasi gani, na nitakipata lini. Bima ya matibabu iliyokuja na kazi nayo hukoma. Kama una mtoto mwenye kisukari au mama mwenye presha nyumbani, hesabu dawa zao katika bajeti ya kampeni, kwa sababu hazitangoja matokeo.

Halafu mkopo wa Sacco. Mshahara ukikatika, makato yamekatika, na Sacco itawageukia wadhamini wako. Hao ni walimu uliokaa nao ofisini. Niliona kampeni ya mtu mzuri ikifa kwa njia hiyo: wadhamini wake walipoanza kukatwa, walimu wa wadi nzima wakamwacha, na walimu wakikuacha na vijiji vimekuacha. Lipa mkopo kwanza, au uwaite wadhamini mkae mkubaliane kabla barua haijatoka. Shamba lenye nyumba usiliweke rehani. Mke au mume wako aone kila karatasi. Mimi na mke wangu tuliandika kiasi ambacho tukikipoteza watoto wataendelea kusoma, tukakiweka kando, na kilipoisha nilitembea kwa miguu.

Chama au mgombea huru

Chama kina nembo ambayo mama mzee anaijua hata kama hasomi. Kinaweza pia kukunyima tiketi usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha majina, baada ya wewe kushinda mchujo. Mgombea huru hana nembo iliyozoeleka wala wakala wa chama, lakini hakuna wa kumpokonya cheti. Sitakuamulia. Ninachokuambia ni kwamba uamuzi uufanye mapema, kwa sababu Katiba inamtaka mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Ukisubiri ushindwe mchujoni ndipo uhame, hesabu ya siku inaweza kukukataa. Na angalia kama jina lako limeandikishwa katika chama ambacho hukujiunga nacho. Hilo hutokea sana. Lithibitishe kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa na ujiondoe kwa maandishi.

Mgombea huru wa wadi anahitaji saini za wapiga kura 500 waliosajiliwa katika wadi hiyohiyo. Kusanya zaidi, maana baadhi watakuwa wamesajiliwa wadi ya jirani bila wao kukumbuka, na wengine namba ya kitambulisho itakosewa. Hapa ualimu unasaidia: andika majina kwa mpangilio wa vituo vya kura, mtu mmoja asome, mwingine ahakiki. Ada ya IEBC, tume ya uchaguzi, kwa wadi imekuwa shilingi 5,000, na nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kuna pia fomu ya kujieleza ya tume ya maadili na kupambana na ufisadi. Ijaze kwa ukweli mtupu.

Kampeni

Usihutubie watu kama darasa la nne. Hilo ndilo kosa ninaloliona kwa walimu wengi: wanauliza swali, wanangoja jibu, wanarekebisha. Mtu mzima aliyetoka shambani hataki kusahihishwa mbele ya mkwewe. Sema kwa Kigiriama penye Wagiriama, kwa Kiswahili penye mchanganyiko, na useme kwa ufupi, kisha ukae usikilize muda mrefu kuliko ulivyosema.

Wanafunzi wako wa zamani ni hazina, lakini si wote wanaokupenda. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na waliosoma kabla ya hapo leo ni wazazi na wana kura. Mwendee kila mmoja nyumbani kwake, umsalimie kwa jina lake la utu uzima, Mama Kadzo, Baba Karisa, si kwa jina ulilokuwa ukiita rejistani.

Watu watakuomba kitu. Kijana atasema, "Mheshimiwa, tuachie ya soda." Mzee atasema nauli. Kuhonga mpiga kura ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, na mbali na sheria, mwalimu hawezi kushindana na mfanyabiashara kwa noti. Jibu langu lilikuwa moja kila mahali: "Mnanijua nilivyoishi hapa, mshahara wangu mnaujua. Sina cha kuwapa leo, nina cha kuwafanyia." Wengine waliondoka. Waliobaki ndio waliopiga kura, tena walikuja na jirani zao.

Siku ya kura kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, na hufunguliwa saa 12 asubuhi hadi saa 11 jioni. Weka wakala katika kila kituo, awe mtu asiyelala na anayejua kujumlisha. Walimu waliostaafu ni mawakala bora. Kura zikishahesabiwa, wakala asiondoke bila nakala ya Fomu 36A, ile ya matokeo ya kituo, iliyotiwa saini, na apige picha ile iliyobandikwa mlangoni. Jumla ya 36A zako zote inapaswa kulingana na 36B ya wadi. Wengi wa wasimamizi wa vituo ni walimu, marafiki zako. Siku hiyo usiwapigie simu wala usikae nao chai. Linda jina lao na lako.

Fomu hizo za matokeo zikitofautiana, sheria inakupa siku 28 tangu matokeo kutangazwa kufungua kesi, na kesi ya wadi inasikilizwa na mahakama ya hakimu. Dhamana ni shilingi 100,000. Bila fomu mkononi usijisumbue.

Ukishaapishwa

Bunge la kaunti yetu linakaa Malindi, na wadi ni 35. Kutoka kwetu bara unashuka Kilifi mjini kwanza, ndipo ushike barabara ya Malindi, kwa hiyo nilizoea kusomea garini. Nyaraka nilizozisoma zaidi ni kanuni za kudumu za bunge na kalenda ya bajeti. Ya kwanza itakuambia namna ya kuomba taarifa, kuleta hoja na kuwasilisha mswada; karani wa bunge na watumishi wake wanaijua vizuri, waulize bila haya. Ya pili ndiyo kazi yenyewe.

Kalenda hiyo iko katika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Mpango wa maendeleo wa mwaka huletwa bungeni kufikia Septemba 1. Mkakati wa fedha hufika kufikia Februari 28. Makadirio ya bajeti hufika kufikia Aprili 30, na yapitishwe kabla ya Juni 30. Watu huamka mwezi wa Mei, wanapiga kelele kuhusu zahanati yao, na zahanati haimo kwa sababu haikuwa katika mpango wa Septemba. Kwa hiyo mwalimu, Julai na Agosti ndiyo miezi yako ya kuzunguka vijijini. Wenzako watakuwa likizoni.

Nikueleze nilivyofanya kwa chekechea, maana ndiko moyo wangu ulikokuwa. Nilipoingia, watoto wengi wa wadi yetu walikuwa wakisomea chini ya mti au kwenye banda la kanisa, na mwalimu wao akilipwa na wazazi, mwezi huu amelipwa, mwezi ujao hakulipwa. Sikuanza na hotuba. Nilichukua daftari la rejista, nikachora safu: jina la kituo, idadi ya watoto, umbali kutoka kituo cha pili, choo kipo au hakipo, maji yapo wapi, mwalimu ana cheti gani, ardhi ni ya nani. Nikazunguka kila kituo, nikahesabu mwenyewe. Safu ya ardhi ndiyo iliyookoa miradi, kwa sababu kaunti haiwezi kujenga mahali penye mgogoro. Penye mgogoro tuliwaita wazee wa kaya na mwenye shamba mpaka karatasi ikaandikwa. Nakala moja nilipeleka idara ya elimu ya kaunti, nyingine kamati ya elimu ya bunge, zote kabla ya Septemba. Hoja yangu ilipofika bungeni hakuna aliyeuliza kama tatizo lipo. Waliuliza tuanze na kituo kipi, na daftari lilikuwa na jibu: penye watoto wengi na umbali mrefu.

Makadirio yakija, usisome hotuba ya bajeti, soma majedwali. Tafuta jina la wadi yako ukurasa kwa ukurasa. Utakuta mradi uliokwisha mwaka uliopita umeandikwa tena na fedha mpya. Utakuta jina la kijiji ambacho hakipo. Utakuta mradi wenu umeandikwa "ukarabati" bila kusema wa nini. Kila kimoja kiandikie swali, ukilete katika kamati kwa maandishi, maana swali la mdomo husahaulika. Kisha linganisha na ripoti za Mdhibiti wa Bajeti, zinazotoka kila robo ya mwaka, na za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Ni za umma, ziko kwenye intaneti, bure. Afisa mmoja aliwahi kuniambia kwamba fedha za mradi wetu hazijatoka hazina. Ripoti ilionyesha zilitoka. Nilimwekea ukurasa mezani, na kazi ikaanza mwezi uliofuata.

Halafu warudishie watu. Mistari ya bajeti inayohusu wadi yetu niliiandika kwa kalamu nene juu ya karatasi kubwa za manila, kwa Kiswahili rahisi, na kwa Kigiriama pale ilipobidi: mradi, kiasi, mkandarasi, mwezi wa kumaliza. Nilibandika ukutani kwa duka, kwa kinu cha posho, msikitini na kanisani. Mkandarasi akileta simenti pungufu, mama aliyepeleka mahindi kusagwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza.

Nyumbani asubuhi utakuta watu mlangoni kabla ya jua kutoka: karo, maziko, mgonjwa, mwana amekamatwa. Mshahara wako hautatosha, na ukijaribu kuutosheleza utaanza kutafuta fedha mahali pabaya. Weka siku mbili za wiki, uwe na kiti nje, usikilize kila mmoja. Basari ya kaunti ipitie kamati ya wadi, na orodha ya waliopata ibandikwe, pamoja na jina la mtoto wa ndugu yako kama amestahili. Mgonjwa mwandikie barua ya hospitali, aliyekamatwa mfuate kituoni. Mara nyingi kinachotakiwa ni mtu anayejua kuandika barua na asiyeogopa ofisi, na hilo umelifanya maisha yako yote.

Kipindi kikiisha, umeshinda au umeshindwa, mpe anayekufuata daftari zako: vituo vya chekechea, mabwawa, kesi za ardhi zilizomalizika na zisizomalizika, nakala za makadirio ya kila mwaka, na namba za simu za wenyekiti wa kamati zote. Mkabidhi mbele ya wazee, muweke saini wote wawili, na nakala moja ibaki kwa katibu wa kamati ya wadi.